Sikuwa uchi, nilikuwa na kikoi

Naona yule jamaa yangu wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, ameshawahi kuwasimulia kisa cha video yangu, eti nilikuwa uchi na kifagio mkononi. Yakhe, ahsante sana. Lakini tusahihishane: sikuwa uchi. Nilikuwa na kikoi na fulana, na nilichoshika kilikuwa mwiko, si kifagio.

Mnakajua kale ka-Raspberry Pi kangu, kakompyuta kadogo kama kadi ya benki. Nilikaweka kidakani kwa bibi, kati ya mabakuli yake ya kale, nikafunga Samba, programu ya kugawana faili kwenye mtandao wa nyumbani, ili video za harusi ya dada yangu zionekane kwenye runinga na simu zote za nyumbani. (Mama aliposikia Samba aliuliza ngoma hiyo yachezwa siku gani.) Bibi na nywila hawapatani, nikaandika guest ok = yes, mgeni aingie bila hodi. Kwenye path, yaani folda ya kugawanwa, badala ya /home/pi/harusi, nikaishia /home/pi. Biriani ilikuwa inanukia, msinihukumu.

Sasa humo ndani ya /home/pi ndimo simu yangu inamomwaga video zake zote kila usiku. Zote.

Jumamosi wanawake wakaja kutazama harusi. Wanaume tukatolewa, nikaketi darini? La, dakani, kwenye baraza, na jamaa huyuhuyu, tunakunywa kahawa. Ndani vigelegele. Najiona fundi kweli.

Vigelegele vikakatika.

Kikaja kikohozi cha mwanamume. Mwanamume, ndani, kati ya wanawake peke yao! Jamaa akaweka kikombe chini. Sauti ikaanza, taratibu, kwa madaha: "Ewe waridi la Shela, moyo wangu wautesa..."

"Mbona kama wewe?" jamaa akauliza.

Ni mimi. Ni mimi jikoni, mwiko ndiyo maikrofoni, nafanya mazoezi ya shairi ambalo sikuwa na ujasiri wa kulituma. Mtoto wa shangazi, miaka tisa, ana rimoti, ameingia folda ya simu. Na mamake huyo waridi alikuwa amekuja na mashua kutoka Shela, amekaa mstari wa mbele.

Kuingia siwezi. Pi iko ndani. Nikatoa simu niizime kwa mbali, lakini ukuta wa matumbawe mnaujua, waifai imebaki kijistari kimoja. Nikaandika amri ya kuizima Samba, sudo systemctl stop smbd. Ikataka nywila. Vidole vinatetemeka. Nikakosea: samahani, jaribu tena. Huko ndani nako nimejikohoza, narudia beti kwa sauti nzito zaidi: "Kucha kutwa sijalala, nijibu basi sasa..." Nywila tena. Samahani, jaribu tena. Jamaa amejifunika uso kwa kofia yake, mabega yanaruka. Kisha, ndugu zangu, kwenye video nikamtaja binti. Jina lake, na la babake, nisije nikachanganywa na mtu mwingine.

Ndani shangazi akasema, "Nyamazeni nyote, mwacheni amalize!"

Mara ya tatu nywila ikakubali. Kimya. Halafu bibi: "Mbona imekatika? Hebu irudisheni."

Yaliyobaki ni mafupi. Path nimeirekebisha, guest ok = no, kila mtu nimempa nywila yake kwa smbpasswd, ya bibi nimemwandikia ukutani, smbd nikaiwasha upya. Mtoto wa shangazi anatembea Mkomani nzima akiniita waridi. Mkimwona mpeni ubuyu anyamaze, nitawalipa.

Wageni walipokuwa wanatoka nilijibanza nyuma ya mlango wa daka. Yule mama wa Shela akasimama papo hapo, akavuta buibui vizuri.

"Mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vina vimetulia. Lakini utao wa mshororo wa pili, kile kipande cha mwisho, hebu uhesabu."

Akashuka zake kuelekea gatini. Nimehesabu mara nne. Mizani saba, badala ya nane.