Saiba za Lamu zikihamia Linux, programu zitoke wapi?

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kuukuu, za aina inayoonekana kwenye saiba na ofisi ndogo za hapa Lamu, haziwezi kubeba Windows 11. Kuhamia Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ni ushauri mzuri, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini wanaohama hugawanyika mapema: programu zitoke wapi? Hapo ndipo usalama wa vitambulisho na vyeti vya wateja unapoanza kuamuliwa.

Wa upande wa kwanza wanasema usisakinishe chochote kisichotoka kwenye ghala la mfumo wenyewe, yaani hazina ya programu inayosimamiwa na waundaji wa mfumo. Debian 12, toleo la mfumo mmojawapo wa Linux lililotoka mwaka 2023, ina vifurushi (programu zilizofungwa tayari kusakinishwa) zaidi ya 64,000, na orodha yake hutiwa saini ya kidijitali; faili iliyochezewa njiani hukataliwa na apt, chombo cha Debian cha kusakinisha programu. Hoja hii ni nzito. Faili ya .deb, yaani kifurushi cha Debian, itoke popote, inaposakinishwa huweza kuendesha maagizo yake kwa mamlaka ya root, mtumiaji anayeruhusiwa kufanya lolote kwenye mashine. Na ukiongeza ghala la mtu baki hujamruhusu programu moja tu: usipomwekea mipaka, siku ya kusasisha anaweza kukuletea toleo lake la kifurushi kingine chochote. Kijana anayenakili mtandaoni mstari unaoanza na sudo, amri ya kutumia mamlaka hayo ya root, akaubandika bila kuusoma, amemkabidhi mgeni funguo za nyumba nzima.

Wa upande wa pili nao wana lao. Printa inataka draiva ya kampuni, mteja anataka Zoom, na ghalani hamna. Tena wanauliza: ghala lenyewe haliingiliki? Wanataja mkasa wa xz, programu ya kubana faili. Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwa SSH, njia ya kufikia kompyuta ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akafukua, akakuta mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, uliopachikwa na mtu aliyejijengea imani ndani ya mradi kwa zaidi ya miaka miwili. Inatisha kweli. Ila matoleo hayo yaliishia kwenye matawi ya majaribio ya Debian. Tawi thabiti, linalolaumiwa kila siku kwa programu za zamani, halikuguswa. Nikiupima mfano huo, naona unawasaidia wa upande wa kwanza. Isitoshe, toleo la zamani halijatelekezwa: mianya ya usalama huzibwa bila kubadilisha programu nzima.

Flatpak, mfumo mwingine wa kusakinisha programu za Linux, husifiwa kama njia ya kati kwa kuwa huitenga programu na mfumo. Nakubali, mradi ruhusa zitazamwe, maana baadhi ya programu huomba kusoma folda yote ya mtumiaji. Flatseal, programu ya kusimamia ruhusa hizo, husaidia kuzipunguza. Kuna na bando. Mara ya kwanza inaweza kushusha mamia ya megabaiti, na hilo linamuuma anayelipia intaneti kwa siku. Kwa saiba yenye mashine kadhaa ningeweka apt-cacher-ng kwenye mojawapo: kifurushi cha apt kinashushwa mara moja, zilizobaki zinachukua humo humo. Basi msimamo wangu ni ghala kwanza, na cha nje kiingie kimoja kimoja, kutoka kwa mwenyewe aliyekitengeneza, kwa kazi inayojulikana.

Hata hivyo mjadala huu unaacha pembeni jambo linaloniudhi zaidi. Mteja anaingia saiba ya Langoni kuombewa pasipoti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Anafungua WhatsApp yake kwenye kompyuta, anashusha picha ya kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, analipa, anaondoka. Faili zinabaki kwenye folda ya vipakuliwa pamoja na za wateja wa jana na juzi, na pengine WhatsApp yenyewe haijafungwa. Hakuna saini ya apt inayozuia hilo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda zinapohitajika, na saiba haikusamehewa kwa udogo wake. Linux ina dawa ya bure: akaunti ya mgeni ambayo faili zake hukaa kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), zikapotea mashine inapozimwa kati ya mteja na mteja. Diski nayo isimbwe, yaani data yake igeuzwe isisomeke bila nenosiri, siku ile ile ya kusakinisha mfumo, kwa sababu bila hivyo anayeichomoa mashine ikiwa kwa fundi anaisoma yote bila kuulizwa nenosiri.