Jazi huru: tuisikilize kwenye simu au tuisubiri jukwaani?

Albamu mbili za jazi huru, muziki unaobuniwa palepale unapopigwa, zilizotoka mapema mwaka 2025 zimeufufua mjadala wa siku nyingi kati yangu na rafiki yangu mmoja, mpiga tarumbeta wa kanisani hapa Moshi. Ya kwanza ni New Dawn ya mpiga saksafoni Marshall Allen, iliyotoka Februari. Mzee huyu wa Marekani alizaliwa Mei 1924, akajiunga na kundi la mpiga piano Sun Ra mwaka 1958 na amekuwa kiongozi wake tangu miaka ya 1990, lakini albamu hii, iliyotangazwa kuwa ya kwanza kwake kama msanii wa kujitegemea, alianza kuirekodi akiwa ametimiza miaka 100. Ya pili ni Defiant Life, iliyotoka Machi, ambamo Wadada Leo Smith anapiga tarumbeta na Vijay Iyer piano, na ndani yake mna kipande kilichotungwa kwa kumbukumbu ya Patrice Lumumba.

Rafiki yangu amezisikiliza zote mbili, tena kwa makini kunishinda, na hukumu yake ni kwamba bado hatujazisikia. Kwake yeye, muziki unaozaliwa papo kwa papo hausikiki mpaka msikilizaji awe ndani ya chumba kimoja na wanaoupiga, na kinachobaki kwenye rekodi ni alama za miguu za mtu aliyekwisha kupita. Mimi nimeishi na jazi huru kwa zaidi ya miaka kumi bila kuiona ikipigwa jukwaani hata mara moja, kwa hiyo siwezi kukubali kirahisi kwamba muda wote huo nimekuwa nikifuata nyayo tu. Swali hili lina uzito kwetu kwa sababu fedha ni chache: shilingi tunayoitumia kununua matoleo mapya ni ileile ambayo tungeweza kuichangia ili onyesho moja lifanyike Moshi au Arusha.

Inafaa kwanza kuliweka sawa neno lenyewe, kwa kuwa Tanzania lina historia yake. Dar es Salaam Jazz Band, Morogoro Jazz Band na NUTA Jazz Band zilikuwa bendi za muziki wa dansi, na hata Arusha Jazz, iliyoanzishwa na ndugu wa Kinyonga mwanzoni mwa miaka ya 1970 kabla hawajahamia Kenya na kujulikana kama Simba Wanyika, ilikuwa bendi ya magitaa, kibwagizo na watu kunyanyuka kucheza. Jazi huru ni kitu kingine. Ilianza kujitokeza mwishoni mwa miaka ya 1950, pale wanamuziki Weusi wa Marekani kama mpiga saksafoni Ornette Coleman na mpiga piano Cecil Taylor walipokataa kufungwa na mpangilio wa sauti uliowekwa kabla, na baadaye hata na mapigo ya kuhesabika, ili kila mpigaji aamue palepale aelekee wapi kwa kumsikiliza mwenzake. Tangazo likibandikwa lenye neno jazi, mkazi wa Moshi huja akiwa amejiandaa kucheza, na akikuta muziki usiochezeka huona amedanganywa. Simlaumu hata kidogo.

Upande wa rekodi una hoja nzito kuliko rafiki yangu anavyotaka kukiri. Mfano wangu ni kazi ya Coleman iitwayo Free Jazz, iliyorekodiwa Desemba 1960 na kuchukua takribani dakika 37 bila kusimama. Wapigaji ni wanane, wamegawanywa katika makundi mawili ya wanne wanne: kundi la Coleman na Don Cherry linasikika upande wa kushoto, na kundi la Eric Dolphy na Freddie Hubbard upande wa kulia, kila moja likiwa na besi yake na dramu zake. Kwa miaka kadhaa niliisikiliza kwenye spika moja ya simu, sauti zote zikiwa zimerundikana mahali pamoja, nikaamini kwamba ni vurugu inayosifiwa na watu wasiotaka kuonekana hawajui. Nilipopata hedifoni ya maana, vurugu ile iligawanyika mbele yangu kama umati unaoachia njia, na nikaanza kusikia kwamba upande mmoja unauliza na mwingine unajibu, wakati mwingine kwa kuchelewa, wakati mwingine kabla swali halijaisha. Kilichokuwa kimekosekana kilikuwa chombo cha kusikilizia, na jukwaa halikuhusika. Nashuku kwamba wengi wanaousema muziki huu ni kelele wanaihukumu spika ya simu.

Kuna pia faida ya kurudia. Kile kipande cha Lumumba katika Defiant Life, mara ya kwanza nilikisikia kama ukimya uliokatizwa na tarumbeta. Mara ya nne nilianza kuufuata ukimya wenyewe, kuona jinsi Smith anavyoiacha noti ndefu ining'inie hadi piano ilazimike kuamua kama itaipokea au itaiacha ianguke. Onyesho halimpi msikilizaji nafasi ya namna hiyo, kwani akizubaa kimepita. Eric Dolphy mwenyewe alisema, mwaka 1964, mwaka wa kifo chake, kwamba muziki ukisha kupigwa umekwenda na hewa na hauwezi kukamatwa tena. Kauli hiyo tunaijua kwa sababu sauti yake ilirekodiwa Uholanzi na kutolewa baada ya kifo chake, na bila rekodi za aina hiyo mtoto wa Moshi asingejua kwamba Dolphy aliwahi kuishi.

Hata hivyo rafiki yangu ana mfano mmoja ambao sijaweza kuuvunja, na ameutoa hapa hapa mjini. Jumamosi za msimu wa harusi, misafara huzunguka Moshi ikiongozwa na pikapu zilizobeba wapiga matarumbeta, na mara nyingine misafara miwili hukutana karibu na Mnara wa Saa, kila mmoja ukipiga wimbo wake kwa mapigo yake. Kwa dakika moja au mbili, anayesimama kando ya barabara yuko katikati ya nyimbo mbili zisizojuana. Anaweza kugeuza shingo na wimbo mmoja ukatangulia. Anaweza kupiga hatua tatu na wa pili ukaumeza wa kwanza. Na wapigaji nao, wakisikia wenzao, huongeza nguvu au huyumba kidogo, nao hawakupanga kufanya hivyo. Rafiki yangu amewahi kuwa juu ya pikapu ya namna hiyo, na anasema kwamba midomo yake iliamua kabla yeye hajaamua. Katika rekodi, anasema, fundi mitambo ameshamgeuzia msikilizaji shingo. Kushoto na kulia kwa Free Jazz kulipangwa studio, na hakuna hatua tatu ambazo mimi naweza kuzipiga nikabadilisha chochote.

Hoja hiyo inapata nguvu zaidi tukiangalia Ascension, albamu ya mpiga saksafoni John Coltrane, iliyorekodiwa Juni 1965 na wanamuziki 11. Waliipiga mara mbili. Toleo la kwanza lilipoingia madukani mwaka 1966 lilibeba upigaji mmoja, kisha likabadilishwa kimyakimya na kuwekwa ule mwingine, hivyo wasikilizaji wawili walionunua albamu yenye jina moja wakawa na muziki tofauti majumbani mwao. Leo tunazipata zote mbili, na kuzilinganisha ni raha kubwa, lakini jambo lenyewe linaonyesha kwamba kile tunachokiita kazi ya Coltrane ni tukio moja kati ya mawili ya siku ileile, na angepiga mara ya tatu tungekuwa na jambo la tatu. Anayeishika rekodi moja na kuiona ndiyo muziki wenyewe amekosea kwa namna ambayo mpenzi wa dansi hakosei, kwa sababu wimbo wa dansi hubaki wimbo uleule ukipigwa leo au kesho.

Kwa hiyo namkubalia nusu. Rekodi inanifundisha kusikiliza, na inanifundisha vizuri kuliko onyesho moja lingefanya, lakini hainipi ile hatari ya kutojua kama wapigaji watafika salama. Hilo ndilo linalonikosesha raha kila ninaposoma ratiba za maonyesho yajayo. New York huwa na Vision Festival, tamasha lililoanza mwaka 1996, na ndiko wazee wengi wa muziki huu hukutana na vijana wao. Kwa msikilizaji wa Kilimanjaro, nauli na viza huliweka tamasha hilo mbali kuliko albamu yoyote. Karibu zaidi ni Sauti za Busara, inayofanyika Februari Ngome Kongwe, Zanzibar, na ambayo naiheshimu sana kwa kusisitiza kwamba kila kinachosikika kipigwe moja kwa moja jukwaani. Lakini hilo ni tamasha la muziki wa Afrika kwa upana wake, na si haki kulidai libebe mzigo wa jazi huru peke yake. Arusha inabaki na maonyesho ya hapa na pale katika kumbi kama Alliance Française, ambako hadhira ni ndogo na wageni huwa wengi.

Waandaaji wa maonyesho hawakosi sababu. Mtu aliyefanya kazi kutwa na kulipa kiingilio anataka kufurahi, na usiku mmoja ambao watu wameondoka kabla ya mapumziko unaweza kuuumiza ukumbi kwa mwaka mzima. Nimewahi kuwajibu kwa kutaja singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam na unaokimbia kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, kama ushahidi kwamba masikio yetu hayaogopi ukali. Sasa naona jibu hilo lilikuwa pungufu. Singeli ni ya kasi na ya kishindo, lakini mapigo yake hayapotei, na miguu hujua pa kukanyaga. Inathibitisha kwamba tunastahimili kishindo. Haithibitishi kwamba tutastahimili kukosa mapigo.

Wapo pia wanaosema muziki huu ni wa kigeni, na wapo wanaowajibu kwa haraka kwamba ni wetu, wakitaja kundi la mpiga piano wa Marekani Herbie Hancock la mwanzoni mwa miaka ya 1970 ambalo wapigaji wake walijipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga. Nayapenda majina hayo, ila hayatoshi kuwa hoja. Waliyachukua kama ishara ya Afrika waliyoitamani, na ishara haimlipii mtu wa Majengo kiingilio.

Kinachonishawishi zaidi ni jinsi wenyewe walivyofanya walipokosa kumbi. Mwaka 1965 wanamuziki Weusi wa Chicago, akiwemo mpiga piano Muhal Richard Abrams, waliunda chama chao cha AACM, wakachangishana ada, wakaandaa maonyesho yao wenyewe ya muziki walioutunga wenyewe, na wakafundisha vijana wa mitaani kwao. Wadada Leo Smith alijiunga nao miaka miwili baadaye, kwa hiyo ile tarumbeta inayomwombolezea Lumumba kwenye simu yangu imetokana na michango ya aina hiyo. Huku kwetu mtaji wa namna hiyo upo tayari. Makanisa ya Kilutheri ya Kilimanjaro na Arusha yana vikundi vya matarumbeta, urithi wa wamisionari wa Kijerumani, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, njia ya Usa River, kinafundisha muziki. Badala ya kusubiri kundi kutoka ng'ambo lipite Arusha usiku mmoja, ningependa fedha zetu ziwaweke hawa pamoja kwa majuma kadhaa ya mazoezi.

Hapo rafiki yangu husita, na kusita kwake kuna uzito. Anahofia kwamba kuichukua tarumbeta ya tenzi na kuipigisha bila mapigo kutaonekana ni kuidharau. Namjibu kwa Albert Ayler, mpiga saksafoni aliyetumikia bendi ya jeshi la Marekani huko Orléans, Ufaransa, kisha miaka ya 1960 akajenga jazi huru yake juu ya nyimbo za kanisani na za gwaride, akazivuta hadi karibu zipasuke. Mwaka 1965, katika Spirits Rejoice, anasikika akipitia hata wimbo wa taifa wa Ufaransa. Mimi siisikii dharau humo, naisikia sala ya mtu ambaye pumzi zimemzidi. Rafiki yangu anasikia vyote viwili, na anasema wazee wa kanisa watasikia kimoja tu.

Tumefikia hatua ya kukubaliana jambo dogo. Baada ya msimu huu wa harusi tutajaribu kuyaweka makundi mawili ya wapigaji wanne wanne kwenye kona mbili za uwanja mmoja, mbali na kanisa, kila moja likianza na wimbo wake, na watu waruhusiwe kutembea katikati. Yeye atapiga. Mimi nimeomba niweke kinasa sauti kimoja pale katikati, ili walioko Arusha wasioweza kufika wapate kusikia, na yeye amekataa; anasema kikiwepo wapigaji watakipigia chenyewe. Kuhusu hilo bado tunabishana.