Kabla Hujaniomba Njia ya Kuja Hamburg

Jumatatu alfajiri mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti akiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, Mombasa. Nyuma yake nasikia honi, nasikia watu wakihimizana kushuka mteremko, halafu yeye kwa sauti ya chini: "Mjomba, mimi nishachoka. Miaka minne ofisi ile ile, kiti kile kile. Nitafutie njia nami nije huko."

Ana miaka 27. Yuko kwenye kliaringi, anapeleka entri za forodha na kufuatilia makontena mpaka yatoke getini. Ni kazi niliyoifanya mimi miaka sita kabla ya kuhama 2012. Ndiyo maana sikuweza kumjibu kwa maneno mawili, na ndiyo maana naandika, kwa kuwa najua si yeye peke yake anayeuliza.

Mimi nilihama nchi kwa sababu ya mtu mmoja. Imenichukua miaka kulikubali neno hilo. Bosi wangu alikuwa rafiki wa marehemu baba. Kazi nilipewa bila mahojiano. Baba alimwambia neno baada ya swala ya Ijumaa, Jumatatu nikaripoti. Kazi ya kupewa hivyo ina baraka zake, na ina kamba yake. Mzigo ukikwama bandarini, jina ni langu. Ukitoka, jina ni lake. Wateja niliowahangaikia mpaka usiku walimshukuru yeye mbele yangu, naye akapokea. Ningesemaje? Kwetu ukimlalamikia mkubwa aliyekushika mkono, umemvunjia heshima na baba yako. Nilipomgusia mamangu, aliniambia, "Mwanangu, wangapi wanaamka asubuhi kutafuta kibarua na wanarudi mikono mitupu? Shukuru." Nikashukuru, huku kila Jumapili jioni tumbo linaniwaka nikiikumbuka kesho.

Huku Hamburg, Ujerumani, nilianzia ghalani, kusini mwa mto Elbe. Baridi ya saa kumi na moja alfajiri, glavu zilizokatwa ncha za vidole ili uweze kubonyeza mashine ya kusomea lebo, masanduku, lebo, masanduku. Lakini mshahara uliingia tarehe ile ile kila mwezi, na saa za ziada ziliandikwa na kulipwa. Nilijiona nimefika. Kisha mwaka wa pili, Jumapili moja jioni, lile tumbo likaanza tena. Niliogopa kweli. Rafiki wa baba hayuko huku. Feri haiko. Sasa nitamlaumu nani?

Nilinunua daftari dogo. Kila jioni ndani ya treni niliandika mistari miwili: kilichonichosha leo, kilichonipendeza leo. Hakuna zaidi. Baada ya wiki tano nikalisoma lote usiku mmoja, na nilichokiona sikukitarajia. Baridi sikuilalamikia hata mara moja. Uzito wa masanduku, mara moja tu. Kilichojaa upande wa kuchosha ni siku ambazo nilihamishwa huku na kule bila kuulizwa. Na upande wa kupendeza, karibu kila mara, ni siku ambayo makaratasi ya shehena yalikuwa na kosa, mtu akaniita, nikalipata kosa. Nambari ya kontena imeandikwa vibaya, uzito haulingani na hati. Nilikaa na daftari lile mapajani nikaelewa: mimi ni mtu wa makaratasi ya mizigo. Nilikuwa mtu wa makaratasi ya mizigo tangu bandarini Kilindini, Mombasa. Niliikimbia kazi niliyoipenda, nikasafiri maelfu ya kilomita, nikajiweka mahali ambapo naifanya kwa bahati tu.

Nilimwendea msimamizi wangu nikamwambia nataka kwenda upande wa hati. Hakukasirika, wala hakuona kama nakitaka kiti chake. Alinieleza jambo ambalo sikulijua: sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu aliyefanya kazi kwa mara moja na nusu ya muda wa mafunzo aombe kufanya mtihani wa mwisho wa taaluma hiyo, hata kama hakupitia mafunzo yenyewe. Mafunzo ya kazi za ghala na usafirishaji ni miaka mitatu, kwa hiyo nilihitaji miaka minne na nusu kazini. Nilifanya mtihani 2017, na tangu hapo nakaa kwenye meza ya hati za kusafirisha nje. Watu wa nyumbani wanaona picha zangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Basi, je, huku ni bora? Kwa mambo fulani ndiyo, na sitamdanganya mtu. Aliyechangia bima ya ajira hapa angalau miezi kumi na miwili akipoteza kazi hulipwa kama asilimia 60 ya mshahara wake baada ya makato, na 67 akiwa na mtoto. Kijana wa Likoni hana mto huo wa kuegemea. Lakini hata huku, ukiacha kazi mwenyewe kwa hasira bila sababu nzito, unaweza kuzuiliwa malipo hayo mpaka wiki kumi na mbili. Hasira hailipwi popote. Na kwa likizo tunalingana kuliko watu wanavyodhani: sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inatoa siku 21 za kazi kwa mwaka, na kima cha chini cha hapa ni wiki nne. Tofauti ni kwamba huku mtu akienda likizo hakuna anayemuuliza kama amechoka na kazi.

Lakini Mombasa ina kitu ambacho huku nimekitafuta nikakikosa. Mpwa wangu anaweza jioni hii kwenda kukaa kwenye baraza Mji wa Kale, kikombe cha kahawa chungu mkononi, akamuuliza mzee aliyefanya kazi forodhani miaka thelathini: "Ami, wewe ulipandaje?" Na mzee atamweleza mpaka isha iadhiniwe. Mimi kumuuliza mtu hapa nilisubiri miadi wiki tatu. Utajiri ule tunautumia kuzungumza mpira na siasa. Inaniuma.

Mlango wa makaratasi nao uko nyumbani. Kwa kazi ya forodha kuna cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha, kinachofundishwa na KESRA, chuo cha mamlaka ya mapato ya Kenya, ambacho kina kampasi hapo hapo Mombasa. Kwa fundi wa magari au umeme aliyejifunza kwa mikono, kuna mitihani ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, daraja la tatu mpaka la kwanza. Na ukiondoka kazini, mwajiri anapaswa kukupa cheti cha utumishi. Kiko kwenye sheria ile ile ya ajira ya 2007. Wangapi wamekidai? Mimi sikukidai. Miaka sita ya Kilindini niliibeba kichwani tu, na kichwa hakipigwi muhuri.

Kuna jambo moja nililomwambia mpwa wangu kwa msisitizo, asije akajibebesha mzigo usio wake. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru makontena ya bara yapande reli mpya ya SGR yakatolewe huko bara, ofisi nyingi za kliaringi zilikauka, na watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Amri ya kurudisha kazi hiyo Mombasa ilikuja Septemba 2022. Aliyeajiriwa baada ya misukosuko hiyo aliingia kwenye ofisi yenye hofu, na bosi mwenye hofu hampandishi mtu. Hilo si kosa la kijana. Lake ni kujua ndani ya uchovu wake kipi kimetoka Nairobi, kipi kimetoka kwa bosi, na kipi kinatoka kwake mwenyewe.

Kwa hiyo sikumkatalia kuja. Nilimwomba wiki tano. Asiache kazi, asigombane na mtu, aweke akiba hata kama ni ndogo, na kila jioni akivuka kurudi Likoni aandike mistari miwili. Baada ya hapo, akisema bado anataka Hamburg, nitamsaidia kwa mikono miwili, na nitaanza na kumtafutia darasa la Kijerumani pale pale Mombasa.

Ananipigia picha kurasa. Ya juzi ilikuwa siku ya tisa, mwandiko wa haraka, na tone la maji kwenye kona. Ameandika mstari mmoja tu: "Mteja wa Kampala leo amenipigia mimi, hakumpigia bosi." Hakusema ni la kumchosha au la kumpendeza. Nimemwambia tuongee Ijumaa baada ya swala.