Nyumba Iliyoishiwa Maji: Je, Hadithi ya Bradbury Inailaani Teknolojia?

"There Will Come Soft Rains", hadithi fupi ya Ray Bradbury iliyotoka katika jarida la Collier's tarehe 6 Mei 1950 na mwaka huohuo ikaingia katika kitabu The Martian Chronicles, haina hata binadamu mmoja aliye hai. Kuna nyumba inayojiendesha yenyewe huko Allendale, California. Inaamsha watu, inapika, inafagia, inatayarisha maji ya kuoga, inasoma shairi. Wenyeji, familia ya McClellan, wamebaki vivuli vya rangi kwenye ukuta wa magharibi uliobabuka kwa moto wa mlipuko wa nyuklia: baba anakata nyasi, mama ameinama kuchuma maua, mvulana ameinua mikono, mpira uko hewani, msichana anangoja kuudaka. Mbwa anaingia, anakufa. Usiku moto unazuka na nyumba inateketea.

Wasomaji hugawanyika mapema. Kundi moja husema dhamira ni onyo dhidi ya teknolojia: mashine zimemlemaza binadamu, kisha zimemmaliza. Kundi la pili hujibu kwamba nyumba haina hatia, kwa maana kilichoua ni vita, na vita ni ya watu. Kila upande una ushahidi ndani ya matini. Tatizo ni namna ushahidi huo unavyopimwa. Wengi huhesabu vivumishi vibaya na vizuri, wakati hadithi hii inataka msomaji afuatilie nini kilisababisha nini.

Tuanze na kundi la kwanza, ambalo ndilo kubwa. Ushahidi wao wenye nguvu kuliko wote hauko kwenye kifungua kinywa kisicho na mlaji, ingawa ndicho kinachonukuliwa kila mara. Uko saa sita mchana. Mbwa wa familia, mifupa mitupu na vidonda mwili mzima, analia mlangoni. Mlango wa mbele unaitambua sauti yake na kumfungulia. Anazunguka nyumba akitafuta wenyewe, hawapo, kisha anakwaruza mlango wa jikoni. Nyuma yake jiko linapika chapati za maji na harufu tamu imejaa kote. Mlango huo haufunguki. Mbwa anazunguka kwa wazimu, povu mdomoni, anakufa. Saa nane panya wa mashine, wale wanaosafisha nyumba, wanahisi uozo. Saa nane na robo ametoweka, ameingia katika tanuri la kuchomea taka, lilelile ambalo msimulizi alishalifananisha na Baali mwovu aliyekaa kwenye kona ya giza. Ongeza kwamba nyumba inaelezwa kujilinda hadi kukaribia wazimu, na kwamba panya wanakasirika kwa kulazimika kusafisha tope la mbwa anayekufa. Hiyo si picha ya mtumishi mwema.

Kundi la pili nalo halikosi la kusema. Mlipuko wenyewe hausimuliwi; tunaona matokeo tu, mji uliogeuka vifusi na majivu, ukitoa mwanga wa mionzi unaoonekana usiku kutoka mbali. Nyumba ndiyo pekee iliyosalia imesimama. Haikurusha bomu wala haikumzuia mtu kutoka nje. Kwa kweli watu walikuwa nje, wakifanya kazi na kucheza kwa mikono yao, walipokufa. Hoja hiyo ya mwisho haipewi uzito unaostahili. Anayesema kuwa mashine zimewalemaza akina McClellan inabidi aeleze kwa nini picha ya pekee tuliyo nayo ya familia hiyo ni ya watu wanaokata nyasi, wanaochuma maua na kurushiana mpira. Tena nyumba inapokufa, inakufa kama mtu. Fremu yake ni mifupa, nyaya ni mishipa ya fahamu iliyofichuliwa kana kwamba daktari wa upasuaji amebandua ngozi, na sauti zinazopiga kelele za moto zinafananishwa na watoto wanaokufa peke yao msituni. Msomaji anaelekezwa kuhuzunika, na ni vigumu kumhuzunikia mshtakiwa mkuu.

Hadi hapo ni sare, na insha nyingi huishia kwa kauli ya kwamba teknolojia ina faida na hasara. Hilo haliko ndani ya hadithi hii. Ukitaka kutoka kwenye sare, acha sifa, shika matukio. Chukua penseli na uandike pembeni kila saa inayotajwa na kila kitu kinachotumika saa hiyo. Saa moja na dakika tisa asubuhi jiko linatoa tosti 8, mayai 8, vipande 16 vya bekoni, vikombe viwili vya kahawa na glasi mbili za maziwa. Wakati huohuo sauti ya darini inakumbusha bima, kisha bili za maji, gesi na umeme. Saa mbili unusu mayai yamesinyaa, yanasukumwa kwenye sinki na kusombwa na maji ya moto, na vyombo vinaoshwa. Saa nne na robo mabomba ya bustani yananyunyiza maji, na asubuhi hiyohiyo mvua imenyesha. Saa kumi na moja jioni bafu linajaa maji safi ya moto. Usiku vyombo tena.

Sasa ruka hadi saa nne usiku. Upepo unaangusha tawi la mti, linavunja dirisha la jikoni, chupa ya dawa ya kusafishia inapasuka juu ya jiko. Nyumba inapambana na moto, na mvua ya kuuzimia inamwagika kutoka kuta. Halafu pampu inashusha pumzi na kusimama. Msimulizi anatoa sababu kwa sentensi moja, bila kupaza sauti: akiba ya maji, iliyojaza bafu na kuosha vyombo kwa siku nyingi za ukimya, imekwisha.

Sentensi hiyo ndiyo ufunguo wa hadithi kwa maoni yangu, na inasikitisha kwamba husomwa kama maelezo ya kiufundi. Nyumba inauawa na utiifu wake. Maji ambayo yangeizimia moto iliyatumia kuwaogesha watu wasiokuwepo. Kwa hiyo kosa ambalo hadithi inalionyesha kwa matendo si uovu wa mashine, wala si usafi wake: ni kazi inayoendelea baada ya sababu yake kutoweka. Jambo hilo lilishatangazwa mapema kwa sitiari, pale nyumba inapoitwa madhabahu yenye watumishi 10,000, miungu imeondoka lakini ibada inaendelea bila maana. Sitiari mwanzoni, sababu na matokeo mwishoni. Vinapokubaliana hivyo, tafsiri imepata mguu wa kusimamia. Mbwa naye anaingia humohumo. Jiko halikumnyima chakula kwa chuki. Lilikuwa linapikia orodha, na mbwa hayumo kwenye orodha.

Tafsiri hii ina mahali panapovuja, na si haki kupaficha. Baada ya maji kuisha nyumba inaleta silaha nyingine, dawa ya kijani inayotapika kutoka darini, na moto unarudi nyuma. Kinachoimaliza nyumba ni moto kupitia nje na kulipua ubongo wa darini uliokuwa unaendesha pampu, na msimulizi anasema wazi kwamba moto ulikuwa mjanja. Kwa hiyo upungufu wa maji ni sababu mojawapo, si sababu pekee. Mtu anaweza kujenga hapo hoja ya tatu: asili inashinda kwa akili yake, iwe nyumba ilitunza maji au haikutunza.

Hapa tashihisi, yaani kukipa kitu sifa za kibinadamu, inabidi ichunguzwe kwa makini zaidi ya kuitaja tu. Jedwali la safu mbili linatosha: upande mmoja kitu kilichopewa sifa za kibinadamu, upande wa pili ni sifa gani. Utaona nyumba inapewa woga, uangalifu, hofu ya kuguswa, na mwishoni maumivu. Moto unapewa hila na hamu ya kula. Unaila michoro ya Picasso na Matisse kama vyakula vya anasa. Panya wanapewa hasira. Uelewa karibu haupo: nyumba inatambua mara moja tu, pamoja na mbwa, kwamba humo mna ukimya, na haibadilishi chochote. Hakuna sauti hata moja inayouliza wenyewe wako wapi. Saa tatu na dakika tano usiku nyumba inamuuliza Bi McClellan angependa shairi gani, inakaa kimya, kisha inajichagulia. Tashihisi imetolewa nusunusu kwa makusudi, hisia karibu bila utambuzi, na pengo hilo ndilo chanzo cha kinaya chote. Insha inayosema tu kwamba mwandishi ametumia tashihisi ili kuipamba kazi yake imeacha kitu chenyewe mezani.

Chuku, yaani kutia chumvi, nayo ina kazi. Moto ukiwa umepamba, jiko linapika kwa kasi ya kichaa mayai 120, mikate 6 na vipande 240 vya bekoni. Linganisha na asubuhi: mayai 8, bekoni 16. Ni mara kumi na tano, zote mbili. Kuna anayeona hapo mashine iliyopandwa na wazimu. Naona zaidi ibada ileile, imeongezwa sauti tu. Jiko linafanya lilichofanya asubuhi, na asubuhi ilikuwa upuuzi uleule kwa kipimo kidogo.

Shairi linalosomwa ni la Sara Teasdale, lilitoka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ndilo lililoipa hadithi jina. Beti zake za mistari miwili miwili zenye vina zinaahidi mvua laini, ndege na miti inayochanua, na kudai kwamba majira ya kuchipua yasingejali binadamu wakiangamia wote. Kosa la kawaida ni kudhani hadithi inakubaliana na shairi neno kwa neno. Inakubaliana kwenye kutojali. Haikubaliani kwenye ulaini: asili ya Bradbury inakuja kwa upepo, tawi na moto, na mvua pekee tunayoiona ikipambana usiku huo ni ya mabomba, nayo inakauka. Zaidi, shairi lina mtu wa kulihuzunikia jambo, yaani msomaji wake. Humu linasomewa viti vitupu. Mwingiliano matini wa aina hii, yaani matini moja kuitumia nyingine, huzaa maana pale matini mbili zinapokosana, kwa hiyo tafuta ugomvi kabla ya kutafuta undugu.

Neno kuhusu tarehe, maana hapa tafsiri nyingi huteleza. Katika kitabu siku ya hadithi ni 4 Agosti 2026, na alfajiri ya tarehe 5 ukuta mmoja uliosalia unarudia tarehe hiyo tena na tena. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti 1945, na huko kweli vivuli vya watu vilibaki kwenye mawe. Kishawishi cha kusema mwandishi amechagua Agosti kwa ajili ya Hiroshima ni kikubwa. Lakini toleo la Collier's liliiweka hadithi tarehe 28 Aprili 1985, na toleo la kitabu la 1997 likasogeza mwaka hadi 2057. Vivuli vya ukutani vinaweza kubeba hoja ya Hiroshima peke yao; tarehe haiwezi, au iibebe kwa tahadhari, ukitaja unasoma toleo lipi. Muktadha mwingine ni imara zaidi: Umoja wa Kisovyeti ulijaribu bomu lake la kwanza la nyuklia tarehe 29 Agosti 1949, miezi michache tu kabla ya hadithi kuchapishwa.

Linabaki swali la kitu gani hapa ni cha kubuni kisayansi. Darko Suvin, mhakiki wa fasihi ya kubuni kisayansi, alifundisha kwamba utanzu huu hujengwa juu ya jambo moja jipya ambalo halipo katika dunia ya msomaji lakini akili yake inaweza kulikubali. Msomaji wa 1950 alilijua bomu kutoka magazetini. Jambo jipya kwake lilikuwa nyumba. Msomaji wa leo anaishi na vifaa vinavyojibu sauti na mashine za kufagia zinazojiendesha, kwa hiyo nyumba imekaribia kuwa habari ya kawaida, na kinachomshtua ni mji uliokufa. Ndiyo maana wasomaji wa leo huvutwa zaidi na tafsiri ya teknolojia: wanakutana na kifaa wanachokifahamu na kukitilia shaka tayari. Shaka hiyo ni yao, haitoki kwenye ukurasa, na anayeitumia kama ushahidi anaweka mkono wake kwenye mizani.

Hata hivyo kundi la kwanza lina hoja moja ambayo sioni jibu lake ndani ya matini. Nyumba inatambua sauti ya mbwa, inahisi uozo, inajua siku ya kuzaliwa ya Bwana Featherstone na wakati wa kulipa bili. Aliyeitengeneza aliipa uwezo wa kutambua vyote hivyo, na hakuipa njia ya kuacha kazi pale ambapo hakuna mtu ndani. Kama hilo ni kosa la utiifu, kuna aliyeubuni utiifu huo, na hadithi haimtaji popote.