Kofia Nyekundu: kabla hatujamficha bibi kabatini

Katika vitabu vingi vya picha na katuni wanazotazama watoto wa chekechea siku hizi, hadithi ya Kofia Nyekundu, binti anayetumwa kwa bibi yake na kukutana njiani na mbwamwitu anayewameza wote wawili, imelainishwa. Bibi haliwi, anajificha kabatini. Mbwamwitu anafukuzwa mbio, au anaomba msamaha na kugawiwa keki. Wazazi wanaolipenda toleo hili wana hoja za kusikilizwa. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kupanda kitandani na hofu ya kweli, na aliyefiwa na bibi yake juzi hana haja ya kusikia bibi mwingine kamezwa. Hoja yao nzito kuliko zote ni ya lawama: tukisema binti aliliwa kwa sababu aliiacha njia, tunamfundisha mtoto kwamba anayedhuriwa kajitakia.

Hoja hiyo ingekuwa kweli, ningeiacha hadithi yenyewe. Lakini turudi kwenye maandishi. Mfaransa Charles Perrault alipoichapisha mwaka 1697, mama alimpa binti mkate na chungu kidogo cha siagi akamtuma, basi. Hakumwonya lolote. Perrault anasema waziwazi kwamba maskini mtoto hakujua kuwa ni hatari kusimama na kumsikiliza mbwamwitu. Binti akaliwa, hadithi ikaishia hapo. Onyo la njia tunalikuta kwa ndugu Grimm, wakusanyaji wa hadithi wa Ujerumani, mwaka 1812, na ukilisoma utashangaa mama anahofia nini: asitoke njiani asije akaanguka, akavunja chupa ya divai, bibi mgonjwa akakosa. Kuhusu mbwamwitu, kimya. Grimm nao wanaeleza kwamba Kofia Nyekundu hakujua huyo ni mnyama mbaya kiasi gani, ndiyo maana hakuogopa. Alipoulizwa bibi anakaa wapi akaelekeza kila kitu: ndani zaidi msituni, chini ya mialoni mitatu mikubwa. Alijibu kama mtoto aliyefunzwa adabu anavyomjibu mkubwa.

Kwa hiyo lawama iko kwa watu wazima waliomtuma bila kumwambia. Nasi tukimwondolea mtoto wetu lile tumbo la mbwamwitu, tunamtuma vilevile.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Chukua darasa lenye wasichana 30 waliovaa sare zao asubuhi, halafu hesabu: karibu 9. Na miongoni mwa waliotajwa sana kuwatendea wasichana hao walikuwa majirani, watu ambao mtoto huambiwa awaamkie shikamoo na kuwapelekea sahani ya futari. Namba hii hainitoki kichwani kila ninapomsikia mzazi akisema mtoto wake bado mdogo mno kwa mbwamwitu.

Wapo watakaosema hadithi hii inatisha kuhusu wageni tu, wakati hatari iko ndani ya nyumba. Wasome tena tukio la kitandani. Mbwamwitu pale si mgeni tena. Amevaa kofia ya bibi, amejifunika shuka la bibi. Mtoto anaona kuna kitu hakiko sawa, na anakisema: bibi, mbona masikio yako makubwa hivyo? Ya kukusikia vizuri. Mbona macho makubwa? Ya kukuona vizuri. Mbona mikono mikubwa? Kila swali linapewa jibu tamu, na kila jibu linamtaka asiamini alichokiona kwa macho yake. Nikimsimulia mpwa wangu wa miaka minne hapo hunishika mkono, anataka kumwambia binti akimbie. Sijui njia nyingine ya kumwambia mtoto wa umri huo kwamba akihisi vibaya mbele ya mtu anayemfahamu, hisia hiyo asiipuuze. Toleo la kabatini huliharakisha tukio hili au kuligeuza kichekesho.

Kuhusu hofu, wasimulizi wetu wa Kiswahili walikuwa na utaratibu. Paukwa? Pakawa. Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Mtoto ameambiwa mapema kwamba anaingia kwenye uongo, na yuko ubavuni mwa bibi wakati zimwi linapotokea. Katuni haina ubavu wa kuegemea, wala hainyamazi ikiona macho ya mtoto yamejaa machozi. Msimulizi hunyamaza. Ndiyo maana aliyefiwa anaweza kungoja mwaka mmoja au miwili, na wa miaka mitatu akasimuliwa mchana badala ya usiku.

Kulainisha nako kuna historia. Mwindaji anayepasua tumbo la mbwamwitu kwa mkasi na kuwatoa bibi na binti wakiwa hai hayumo kwa Perrault, yumo kwa Grimm. Kwa hiyo sina ugomvi na anayemtoa bibi akiwa hai, wala na anayefupisha habari ya mkasi. Kumbuka tu kwamba anayekwenda kuleta mawe makubwa ya kujaza tumbo la mbwamwitu ni binti mwenyewe.

Kuna kipande kingine cha Grimm ambacho matoleo ya watoto karibu yote yamekitupa, na hicho ndicho ningekirudisha kwanza. Siku nyingine binti anakutana na mbwamwitu wa pili, naye anamwamkia kwa upole. Safari hii hasimami. Anakwenda moja kwa moja kwa bibi na kumweleza: amenisalimia vizuri, lakini macho yake yalikuwa mabaya. Bibi hamkatizi, hamwulizi alikuwa anafanya nini huko. Anasema, njoo, tufunge mlango.