Mwacheni Mtoto Apige Pasi

Jumamosi iliyopita nilisimama pembeni ya uwanja wa vumbi nikitazama watoto wa chini ya miaka 12. Golikipa alimpa mpira beki mmoja mdogo, namba 6, jezi inamfika magotini. Kabla mpira haujamfikia alishageuza shingo kulia, akageuza kushoto, akamwona namba 8 amejitenga hatua kumi hivi, mkono juu. Akautuliza, akampa. Pasi ya chini, safi, mguuni. Nikajikuta napiga makofi peke yangu.

Kutoka kwenye benchi ikaja sauti: "Butua! Nimesema butua! Unachezea nini nyuma?"

Akapiga pasi ya pili, ikafika. Ya tatu ilinaswa, wakafungwa. Akatolewa hapo hapo, hata mapumziko hayakungojwa. Alikaa chini ya mwembe, jezi kaivuta hadi usoni, analia. Wiki nzima picha hiyo haijanitoka.

Mechi ilipoisha nilimfuata kocha. Ni kijana anayejitolea, nauli za baadhi ya watoto zinatoka mfukoni mwake, na kwa hilo namheshimu sana. Nikamwuliza, "Mwalimu, yule namba 6 kosa lake nini?" Akanijibu, "Kaka, hapa tunatafuta matokeo. Pasi za nyuma zinatuua. Mabao mengi yanapatikana kwa pasi mbili tatu, hata kwenye TV unaona."

Hoja hiyo ilizaliwa kabla yetu sote wawili. Mwaka 1950 Mwingereza mmoja mhasibu, Charles Reep, alianza kuandika kwenye daftari matukio ya mechi, pasi kwa pasi, akaona kwamba mabao mengi yanatokana na pasi tatu au pungufu. Wapo makocha wa kwao walioifanya sheria: mpira upelekwe mbele haraka, basi. Lakini hesabu zake zenyewe zilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya mara zote timu inaposhika mpira, haifikishi pasi ya nne. Ukitupa nyavu mara tisa upande mmoja na mara moja upande wa pili, samaki wengi watatoka ulikotupa mara tisa. Haina maana kwamba huko ndiko waliko. Na waliorudia hesabu zile baadaye waliona kwamba mpira uliopita miguuni mwa wengi ulizaa mabao zaidi kwa kila mara timu ilipofikisha pasi nyingi hivyo. Nilimweleza kocha. Alinisikiliza kwa adabu, akaenda kukusanya koni zake.

Pasi ina kazi ambayo haionekani kwenye ubao wa matokeo. Unapompa mwenzako wa kushoto, mpinzani wako mmoja anatoka mahali pake kumfuata. Akitoka, nyuma yake pamebaki uwazi. Pasi ya pili inamvuta mwingine. Ya tatu inaingia kwenye ule uwazi, na hapo ndipo watu wanapiga kelele, wakidhani kazi imefanywa na yule aliyepiga ya mwisho. Ile ya kwanza, ya nyuma, iliyozomewa, ndiyo iliyofungua mlango. Mtoto anayegeuza shingo kabla ya kupokea mpira anayajua haya bila kufundishwa. Mnamtoa?

Tena mpira hauchoki. Saa 10 jioni, jua la Dar bado kali, asiye na mpira ndiye anayekimbia. Hispania walipochukua Kombe la Dunia mwaka 2010 Afrika Kusini walifunga mabao 8 tu katika mechi 7, wakafungwa 2. Kuanzia hatua ya mtoano walishinda mechi zote nne 1-0. Ile miguu ya viungo wao, Xavi na Iniesta, ilikuwa ulinzi pia: mpinzani asiye na mpira atakufunga na nini?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba pasi peke yake haitoshi. Hispania hao hao walipiga zaidi ya pasi elfu moja dhidi ya Urusi mwaka 2018, wakatolewa kwa penalti. Wakarudia dhidi ya Morocco mwaka 2022, pasi elfu na ushee, dakika 120 bila bao, kisha penalti tatu, zote wakakosa. Na Novemba 7, 2012, pale Glasgow, Barcelona walimiliki mpira zaidi ya asilimia 80 na Celtic wakashinda 2-1. Bao la kwanza lilikuwa la kichwa cha ndugu yetu wa Kenya, Victor Wanyama, kutoka kona. Nililishangilia bao lile na bado nalipenda. Asilimia za umiliki hazijawahi kuwa bao. Pasi inayozunguka mbele ya ukuta bila kumsogeza mtu yeyote ni kupoteza muda, na mtoto afundishwe hilo pia. Lakini afundishwe akiwa uwanjani, na mpira mguuni.

Wengine husema viwanja vyetu vibovu, mabonde na kokoto, pasi ya chini haiendi. Sisi tulijifunzia wapi? Chandimu tuliicheza kwenye uchochoro, peku, mpira wa soksi na matambara uliofungwa kamba. Magoli mawe mawili, upana wa hatua mbili, hakuna kipa. Ukibutua, mpira unatua uani kwa mama wa watu, anauweka ndani, na mchezo umekwisha. Kwa hiyo tulipeana: nipe, nikupe, toka, rudi. Watoto wa uswahilini walikuwa na shule ya pasi bila ya mwalimu hata mmoja. Sasa tunawatoa uchochoroni, tunawapa jezi na filimbi, halafu tunawaambia wasahau walichokuja nacho.

Linaloniuma zaidi ni hili. Simba ilipocheza ule mpira wake, Clatous Chama anageuka na mpira, Luis Miquissone pembeni yake, mashabiki wenyewe waliupa jina la heshima: pira biriani. Yanga ya kocha Gamondi ilipowafunga Simba 5-1, Novemba 5, 2023, nchi nzima iliwazungumzia Aziz Ki, Pacome na Maxi. Tunaupenda mpira wa pasi. Tunaulipia. Lakini Chama ni wa Zambia, Miquissone wa Msumbiji, Aziz Ki wa Burkina Faso, Pacome wa Ivory Coast, Maxi wa Kongo. Tunaye Feisal Salum kutoka Zanzibar, na wengine wachache, nakubali. Kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 ni wachache mno. Tunapanda ndege kwenda kumtafuta kiungo ambaye hapa tulimtoa uwanjani akiwa na miaka 11, kwa sababu pasi yake ya tatu ilinaswa.

Kocha wa watoto hana ligi ya kushinda. Ana kombe la plastiki na soda kreti mbili. Akifungwa kumi kwa sababu watoto wake wanajaribu kutoka nyuma na mpira, hakuna kitakachoharibika ambacho mwakani hakitarekebishika. Woga ukishamwingia mtoto miguuni, huo kuutoa ni kazi.

Leo asubuhi nimerudi pale uwanjani. Namba 6 alianza. Kila mpira uliomfikia aliupiga juu, mbali, bila kuinua kichwa, na kila mara benchi lilimpigia makofi. Namba 8 alikuwa pale pale, hatua kumi, peke yake, mkono juu. Kipindi cha pili akaushusha.