Kwenye Mchoro Wao Mie ni Mti

Jamani, mie mzima wa afya, msije mkasikia habari mkaanza kuchangisha sanda. Ila kwenye mchoro wa mtaa wetu mpya nimeshageuzwa mti.

Wametuletea picha ya jengo linalotaka kuota hapa kwetu Kariakoo, ghorofa 12, wakaibandika kwenye ubao ofisi ya serikali ya mtaa. Picha ya rangi, inang'aa. Nikavaa miwani nikaitafuta nyumba yetu. Kona ile pale, msikiti ule pale kwa mbali, barabara hii hapa. Nikahesabu viwanja kwa kidole mpaka nikafika kwangu. Pale babu alipoweka msingi, pale mke wangu anapoanika kanga, pana mti. Na mti wenyewe si mwarobaini, si mkungu, wala si mnazi. Mti wa kizungu, umechongoka juu, na chini yake kapita dada mmoja mrefu kashika mbwa kwa kamba.

Mbwa! Kariakoo! Anampitisha wapi huyo mbwa? Mtaa wa Kongo mie mwenyewe, mzaliwa wa hapa, napita kwa ubavu, mkono mmoja mfukoni na mwingine nikiomba radhi. Na yule dada mkoba kauning'iniza mgongoni, zipu wazi, anatazama mawingu. Nikamwambia aliyesimama pembeni yangu, huyu hajafika Kariakoo huyu, kaisikia redioni.

Nikaendelea kukagua. Guta hakuna. Bodaboda hakuna. Mama wa chapati hayumo, muuza kahawa hayumo, fundi wetu wa cherehani kafutwa na cherehani yake. Wamachinga wamepotea wote, hata wale wa soksi. Wafanyabiashara wa Kongo na Zambia wanaokuja kufunga mizigo, na mabelo yao, hawamo. Nyaya za umeme zimeyeyuka hewani. Chemba haifuriki. Watu wenyewe wako saba barabara nzima, na hakuna hata mmoja aliyebeba kitu.

Kijana mbunifu akaniona nimekodoa macho, akaja na tabasamu. "Mzee, hiyo ni taswira tu." Nikamwambia mwanangu, hata picha ya pasipoti ni taswira, lakini hawakuweki sura ya mtu mwingine. Akacheka, akaandika kitu kwenye daftari. Nadhani aliandika "mzee msumbufu".

Kisha wakatukalisha kwenye viti vya plastiki, ikaja soda, ikaja sambusa, na ndipo tukaulizwa swali tuliloitiwa. Mnaujua ukubwa wa swali? Tunapenda vioo vya buluu au vya kijani.

Basi watu wazima tukabishana nusu saa nzima! Wa buluu huku, wa kijani kule. Mzee mmoja akasema buluu inakaribisha inzi. Mwingine akasema kijani ni rangi ya Yanga, hakubali kuamka kila asubuhi akatazamana nayo, na aliyekaa nyuma yake naye akaapa kuwa kijani ndiyo haki. Hakuna aliyeuliza kwa nini tunavishwa vioo mwili mzima kwenye mji ambao Februari hata shuka unaiona nzito. Mie nilinyoosha mkono nikauliza: maji ya vyoo vya ghorofa 12 yanakwenda wapi? Mwenyekiti akasema, "Tusitoke nje ya ajenda."

Msinielewe vibaya, sikatai ghorofa. Nikatae kwa sura gani na zimeshanizunguka? Kulia kwangu ghorofa 10, kushoto 9, nyuma wanamalizia ya 14, na mie katikati na bati langu kama mtoto aliyepotea kwenye foleni ya watu wazima. Kwangu siku hizi jua linachomoza saa tano asubuhi na kuzama saa nane mchana. Kanga ikianikwa ikiwa mbichi inaanuliwa ikiwa imelowa zaidi, kwa sababu viyoyozi vyote vya majirani vinatemea uani kwetu. Dishi la televisheni linatazama ukuta. Fikiria, Simba wako pale Mtaa wa Msimbazi, Yanga wako kule Jangwani, klabu zote mbili naweza kwenda kwa miguu na ndara, lakini siku wakikutana mie najua bao kwa makelele ya ghorofa ya sita, na sijui kafunga nani mpaka mtu ateremke. Na lifti yao mbovu, kwa hiyo hateremki mtu.

Mahali hapa pamechorwa na watu wengine tangu zamani, hilo nalijua. Mjerumani aliugawa mji kanda tatu: ya kwanza nyumba za Kizungu, ya pili Wahindi na maduka yao, ya tatu sisi. Mwingereza akaja akaacha uwazi pale Mnazi Mmoja, eti kati yao na sisi upite upepo. Viwanja vikapimwa kwa kamba, mistari imenyooka, na babu hakuulizwa rangi wala kitu. Lakini mtazame babu alivyofanya na hicho alichopewa. Baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo na kivuli. Chumba kimoja analala, vingine anapangisha, barazani anauza mafuta ya taa na kusuluhisha ndoa za watu. Hakuwa na mbunifu, lakini kila mpangaji alikuwa anajua aseme wapi na anyamaze wapi. Korido inapitisha upepo kutoka barazani mpaka uani, bure, bila Luku.

Halafu msije mkasema wasomi hawawezi. Soko letu kubwa lile la miaka ya 1970 alilibuni Mtanzania, Beda Amuli, na paa lake la miamvuli ya zege, hewa inaingia, mvua inapokewa juu na kushushwa chini. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, sote tulilia. Yule bwana alitazama hali ya hewa ya Dar es Salaam kwanza, ndipo akashika kalamu. Hawa wa kwetu wametazama hali ya hewa ya sijui wapi, wakatuletea na mti wake.

Hapa niseme jambo moja bila utani. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, likaua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 likaanguka jengo hapa hapa Kariakoo, Jumamosi asubuhi, watu wako madukani, na wengine wakawa wanaita kutoka chini ya kifusi. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, akaunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Tangu siku ile, mashine ikianza kuchimba nyuma ya ukuta wangu usiku, mie silali. Siku hizi kila mtu anataka ghorofa za chini ya ardhi za kuweka stoo, na ardhi wanayochimba imeegemewa na nyumba ya mwenzao. Nimekwenda kusoma bango la mradi pale kwenye uzio wa mabati. Lina jina la mbunifu, jina la mhandisi, jina la mkandarasi, namba za usajili, vyote vizuri. Ukuta wangu umepata ufa unaopitisha kidole. Nikiuliza ufa huu ni wa nani, mbunifu ananituma kwa mhandisi, mhandisi kwa mkandarasi, na mkandarasi ananiuliza kama nyumba ina kibali. Nyumba ya babu! Ilijengwa kabla baba yake hajabalehe, ndiyo inaulizwa kibali.

Ngoja nije kwenye mambo ya fedha, maana najua ndiyo mnayoyasubiri.

Mwekezaji wa hilo ghorofa 12 haji mwenyewe, anatuma dalali. Dalali akija haulizii nyumba, anaulizia presha yako inaendeleaje. Mpango wenyewe mnaujua: sisi tunatoa kiwanja, yeye anatoa zege. Chini kote ni fremu za maduka, hizo zake, na kilemba, ile pesa ya kuachiwa fremu, kwa Kariakoo ukitajiwa unakaa chini kwanza. Familia inapewa nyumba mbili ghorofa ya tisa. Nyumba mbili! Sisi warithi tuko 11, na hati bado ina jina la marehemu babu. Shekhe akaja akapiga hesabu za mirathi kwa haki kabisa, sehemu yangu ikaangukia theluthi mbili za jiko na kipande cha kibaraza cha kuanikia. Nikauliza kama ile sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaweza kunipa hati ya theluthi mbili za jiko. Shekhe akasema tusome Fatiha tufunge kikao.

Kundi letu la familia la WhatsApp, ambalo lilikuwa la kupeana salamu za Ijumaa, sasa ni mahakama. Shangazi aliyeko Maskati, ambaye mara ya mwisho kulala humu alikuwa anaogopa kunguni, anatuma sauti ya dakika nne: "Uzeni, uzeni, mnang'ang'ania udongo!" Binamu wa Tanga kisebusebu na kiroho papo: hadharani anasema nyumba ya babu haiuzwi, faragha ananiuliza dalali anatoa kianzio lini. Mke wangu ndiye mkweli peke yake. Kasema yeye anataka choo cha ndani, na kama choo cha ndani kiko ghorofa ya tisa, atapanda. Kuna rafiki yake alikuwa Magomeni Kota. Wale walibomolewa, wakahangaika kupanga miaka na miaka, na Machi 2022 Rais Samia akaja kuzindua, kaya 644 zikapata pa kurudi. Basi kila nikilalamika ananitajia Magomeni Kota. Namwambia Magomeni alijenga serikali, huyu wetu ana dalali anayepima presha. Ananijibu, "Wewe kaa na baraza lako."

Na hilo baraza ndilo nililoliulizia. Nilimfuata yule kijana mbunifu pembeni, sambusa mkononi, nikamwambia sikiliza, ghorofa 12 sawa, vioo hata viwe vya zambarau. Niwekee baraza. Pale chini, upande wa barabara, simenti tu, urefu wa watu sita, mtu akae bila kununua kitu. Akafikiri kweli, namsifu. Akasema kwenye mchoro kuna "eneo la mapokezi". Nikamuuliza nani atakaa hapo. Akasema mlinzi.

Wiki iliyofuata nikapata habari kwamba mradi umesonga mbele, na kwenye faili imeandikwa wananchi wameshirikishwa. Wameshirikishwa vipi? Ile karatasi ya mahudhurio tuliyosaini tukiingia! Sisi tulidhani ni ya kuhesabia soda. Sahihi yangu iko namba 14, nimeisaini kwa mbwembwe, na mkia wake umepita mpaka kwenye jina la jirani. Sasa hiyo sahihi inasema nimeuona mchoro, nimeuelewa, na nimeridhia vioo vya buluu. Mie nilikuwa upande wa kijani!

Nimekwenda ofisini kudai sambusa yangu ihesabiwe kama pingamizi. Wamenipa fomu. Fomu inataka nieleze uhusiano wangu na kiwanja husika, na mstari wenyewe ni mfupi, haumtoshi babu, achilia mbali warithi 11. Nikaandika: "Mti". Karani akaisoma, akanitazama, akagonga mhuri.

Kwa hiyo pingamizi limepokelewa. Yule kijana mbunifu kanipigia simu, kasema mchoro wa majitaka upo, ni mwingine, atauleta nisome mwenyewe. Nimemwambia ausogeze haraka kabla mvua za masika hazijaanza kunionyesha zenyewe. Namba ya ofisi yangu hana haja nayo, akifika aulize tu kwenye nyumba ya bati. Lifti hakuna, na mlinzi hakuna, na mbwa wake akimleta atamfunga nje.